Nilikuona Pale Nyawera

Kamembe, Jumapili baada ya misa

Yaya Vénantie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mume wako Papa Adrien na batoto wote. Mimi ni mzima wa mwili. Nauliza kwanza habari ya mguu wako ule uliovimba tena wakati wa mvua: umekwenda kuuonyesha kwa daktari, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi? Na mwanao Umutoni amepita mtihani? Mwambie maman mdogo wake anamwombea.

Barua yako niliipata mkononi mwa Maman Reine, yule anayeleta samaki wadogo wa sambaza sokoni huku Kamembe. Nimeisoma mara nyingi. Unasema mwaka wa Maman unatimia, kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini mtaondoa matanga, na familia imekubali mimi ndiye nisimame niseme neno la watoto wake. Unasema hata Baba mdogo Buhendwa amekubali, yeye aliyesema pale kaburini kwamba nilimwacha mama yangu kwa ajili ya tajiri. Unanikumbusha kwamba siku ile ulimjibu mbele ya watu, ukaapa kwa Mungu kwamba kibali changu cha kuvuka mpaka kilikuwa kimekwisha muda. Kabla sijakujibu ndiyo au hapana, vumilia nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza.

Watu wa nyumbani wanajua nafanya kazi ya ofisi. Ofisi yangu ni Madame Mukandori mwenyewe. Ana maghala ya saruji hapa mjini, ana mashamba Gitambi na Giheke, na ile nyumba ya ghorofa kule Nkanka inayotazama ziwa. Mimi nabeba simu zake tatu kwa sababu yeye hapendi kushika simu. Ikilia napokea, nasema Madame yuko kwenye kikao, hata akiwa amekaa mbele yangu anapakwa rangi ya kucha. Naonja chai yake kabla hajainywa, nimwambie kama ni ya moto ya kutosha. Binti yake Chloé yuko Ubelgiji. Akimwandikia mama yake, anayejibu ni mimi. Chloé akisema hapati usingizi, mimi ndiye ninayemwandikia kwamba Maman anamwombea na ale vizuri. Madame hata hausomi ujumbe wenyewe.

Na miaka minne sasa ananiita Benitha. Benitha ni msichana aliyefanya kazi kabla yangu. Siku ya kwanza nilimwambia kwamba mimi naitwa Tumukunde. Akanijibu kwamba hana nafasi ya kujifunza jina jipya kila mara.

Nilichukia, Yaya, lakini nisikufiche, nilipenda pia. Nilipenda kuona watu wakubwa wa mji huu wakinipigia mimi kwanza, wakinibembeleza niwapatie dakika tano na Madame. Nilipenda kumsikia akiwaambia wageni wake kwamba bila mimi hajui hata leo ni siku gani. Kuna jioni nilirudi chumbani kwangu miguu inawaka, na bado nilikuwa nacheka peke yangu kwa sababu alikuwa amesema hivyo mbele ya watu.

Wiki ile Maman alipozidiwa, Hugues, mtoto wa kwanza wa Madame, alikuwa anaoa. Alhamisi ulinipigia ukasema Maman anauliza Tumu yuko wapi. Nilikwenda kwa Madame nikamkuta anajaribu viatu. Nilimweleza. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ile ile anayoagizia maji: "Benitha, maman yako iko mugonjwa tangu mwaka jana. Hugues, yeye anaoa kesho kutwa." Kisha akaniuliza kama kiatu cha kushoto hakimbani.

Ijumaa alinituma kuchukua gauni lake. Unajua haamini mafundi wa huku. Gauni la kuvaa kwenye harusi ile alikuwa amempelekea fundi wa huko kwenu Bukavu, pale Nyawera. Dereva wake, Niyomugabo, alinishusha mpakani saa nne asubuhi, na mimi nikavuka daraja kwa miguu. Ndiyo, Yaya. Nilivuka. Kibali changu kilikuwa kizima, kilikuwa na miezi mitano mbele yake. Askari alikitazama, akapiga mhuri, akanitakia safari njema.

Fundi alikuwa bado hajashona vifungo. Aliniomba nisubiri kwa muda wa saa mbili. Kutoka pale hadi hospitali aliyolala Maman, kwa miguu haifiki robo saa. Nilikaa juu ya kigoda nikasubiri. Madame alipiga simu mara nne, akitaka nimtumie picha ya mkono wa gauni, halafu ya shingo, halafu ya mkono tena. Vifungo vilipokwisha, fundi alilitia gauni ndani ya mfuko mrefu, nikatoka nje kutafuta pikipiki.

Hapo ndipo nilipokuona. Ulikuwa ng'ambo ya barabara, umejifunga kile kitenge cha kijani cha Maman, mkono mmoja una termosi ya uji, mkono mwingine unatafuta simu kwenye kifua. Simu yangu ikatetemeka. Nililinyanyua gauni nikaficha uso, halafu nikapokea. Uliuliza: "Tumu, unakuya?" Nikakujibu kwamba niko Kamembe, kibali kimekwisha muda, wamenikatalia mpakani.

Nilikuona unasimama. Uliweka termosi chini, ukajifuta macho kwa pindo la kitenge, ukaniambia: "Si kitu, mudogo wangu. Usilie. Nitamwambia Maman uko njiani." Mimi sikuwa nalia. Ulichukua termosi yako ukapanda mlima, unachechemea, na mimi nikapanda pikipiki nikamwambia kijana anipeleke mpakani.

Maman alikata roho saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo nilikuwa nimepiga magoti sakafuni Nkanka, pini mdomoni, nakaza upindo wa gauni. Kesho yake Madame alilivaa kanisani tu. Kwenye karamu alibadilisha.

Ningependa kukuandikia kwamba alinikataza kupita hospitali. Hakunikataza. Hakujua kama iko karibu, na hakuuliza. Ningeweza kuja nikae dakika kumi nimshike Maman mkono. Niliogopa kwamba nikimwona nitashindwa kuondoka, gauni litachelewa, na Madame atasema kumbe hata huyu hafai. Hiyo ndiyo sababu, Yaya. Mwaka mzima nimetafuta nyingine, iliyo kubwa kuliko hiyo, sikuipata.

Na usifikiri niliacha kazi kwa uchungu. Mlimzika Jumatatu, nikaja, nikadanganya kwamba mpakani wamenipa ruhusa ya msiba, nikalia pamoja nanyi, ukanikumbatia ukasema pole kwa mambo ya mpaka. Jumanne nilikuwa nimesharudi kwa Madame nimeshika simu zake. Aliniuliza tu kama barabara za huko zina vumbi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sitasimama kusema neno la watoto wake. Lisemwe na wewe uliyemuogesha na kumlisha. Na barua hii umpe Baba mdogo Buhendwa aisome kabla ya Jumamosi. Mwambie uliapa kwa maneno uliyopewa na mimi, kosa si lako. Yeye alisema kweli, na mimi nilimwacha azomewe na wazee wenzake nikiwa nimesimama pale pale.

Jumamosi nitakuja. Kama hutaki niingie uani, mtume Papa Adrien anisimamishe mlangoni, sitabishana naye. Nitakwenda makaburini peke yangu, kisha nitarudi. Usinipigie simu kabla ya hapo. Kama una hasira, iandike yote, Maman Reine ataniletea, nami nitaisoma hadi mwisho.

Nisalimie jirani zetu wote na wamama wa jumuiya waliomwimbia Maman. Mungu akulinde, akuponye mguu.

Ni mimi mdogo wako,

Tumukunde