Hedifoni Zenye Uzi Mwekundu

Kaka Zakaria,

Mwakeye. Najua huwezi kuitikia, lakini mama yangu kule Makere hakunilea nianze maneno na mtu bila kumsalimu, na sioni kwa nini kaburi libadilishe hilo.

Niko studio, kwenye kiti changu kile kile kinachoyumba. Chako sijakikalia. Wanakwaya wanakiona kitupu wanataka kuwekea mikoba, nawafukuza. Umeme unakatika kama ulivyouacha. Mzee Salumu wa duka la vipuri bado anagonga ukuta tukizidisha kelele saa ya swala, ila siku hizi anagonga taratibu, nadhani ananihurumia. Na Warundi wamekuja tena mwaka huu, kaka, wengi sana, magari yanapita Makere kutwa kuwapeleka kambini. Juzi alifika mama mmoja kuuliza kama tumetunza nyimbo za kwaya yao ya kambi ya Mtabila, zile ulizowarekodia kabla hawajarudishwa kwao. Akaniuliza na wewe uko wapi. Nilimpa nyimbo kwanza, jibu nikampa baadaye.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni zile hedifoni mbili.

Bado nacheka nikikumbuka tulivyozipata. Yule Mzungu aliyekuwa akirekodi hadithi za wazee kambini, Mtabila ilipofungwa akaja kukuaga, akakuachia hedifoni mbili za bei mbaya. Kampuni moja, weusi mmoja, hata maboksi yamefanana. Akasema alinunua zote mbili ajaribu, abaki na zilizo bora, akashindwa kuchagua mpaka miaka ikamwishia. Alipotoka tulicheka hadi ukashika ukuta. Mtu mzima na ndevu zake, anashindwa na vitu viwili.

Mchana ule ule tukakaa kwenye benchi, mimi hizi, wewe zile, wimbo mmoja, tunabadilishana. Nikasema ni kitu kimoja, tusipoteze muda. Ukasema, "Anje, usiwe na haraka, sikiliza tena." Nikasikiliza tena na tena, ndipo nikaona ulichokiona. Jozi moja ilikuwa tamu. Besi nene, kila kwaya inasikika imeshiba ugali. Jozi nyingine ilikuwa kavu, inakuletea kila kitu bila kuuliza kama unakitaka: kiatu kinachosugua sakafu, karatasi inayogeuzwa, mama wa sauti ya pili anayemeza mate. Mimi nikapenda tamu. Wewe ukasema tutazitumia kwa zamu, maana kazi ikipita kote kuwili haiwezi kutuaibisha sokoni. Na kweli tulizitumia kwa zamu muda mrefu, hata jasho letu likawa moja kwenye zile sponji.

Halafu siku moja nikakuta umezungushia uzi mwekundu kwenye waya wa zile kavu. "Hizi zangu sasa. Wewe baki na hizo." Basi. Hukueleza.

Iliniuma, nikwambie ukweli. Nilikuwa nimetoka kwaya, nimejifunza kazi kwako tangu kushika maiki, nikajiona tuko sawa. Kumbe, nikasema moyoni, kuna bosi na kuna kibarua. Na mimi unanijua, kitu kikikaa moyoni kinatokea mdomoni. Kwaya ya Murungu ilipokuja na Fuso lao, nikawaambia mbele yako, "Msiguse zile za uzi, ni za bwana mkubwa, zinaogeshwa kwa maji ya uvuguvugu." Wakacheka wote. Hata mdogo wako Eliasi, aliyekuja nao kupiga kinanda, alicheka. Wewe ulitabasamu tu ukazivaa. Nimeiona sura ile mara nyingi tangu umeondoka.

Toka hapo kazi mbichi ikawa haifiki kwangu. Unarekodi, unakaa nayo peke yako, unanipa ikiwa imeshapigwa pasi, mimi naongeza mwangwi na kupanga sauti. Nikiuliza unasema umeshaipitia. Nikadhani huniamini masikio.

Ulipoanguka uani ukivuta jenereta, hakuna aliyejua lolote. Hospitali ya Kigoma wakatuambia moyo ulikuwa umetanuka siku nyingi, maji yamejaa kwenye mapafu, kwamba kungekuwa na dawa za kuupunguzia mzigo kama mngewahi. Mngewahi. Neno hilo wifi Dafroza alirudi nalo Kasulu ndani ya gari moja na jeneza lako. Msibani kuna waliosema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, siibishii, lakini nilitamani kumwagia mtu chai.

Na wifi, katikati ya watu, akanishika mkono akaniuliza, "Wewe uliyekaa naye kutwa nzima, hukusikia kitu?" Nikamjibu sikusikia. Ilikuwa kweli. Mimi, kaka, ambaye kazi yangu ni kusikia, nilikaa mkono mmoja kutoka kwako na sikusikia kitu.

Siku ya kumaliza msiba wakagawa vitu vyako. Koti likaenda kwa baba mdogo, baiskeli kwa mpwa wako. Studio wifi akasema niendelee nayo, tutagawana kinachopatikana. Kisha akazitoa hedifoni zote mbili akaziweka juu ya mkeka. Eliasi alikuwa ameomba moja, ajifunzie kinanda nyumbani kwake Murungu bila kuwakera majirani. Wifi akaniambia nichague mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye wa kazi. Eliasi akasema kwake ni sawa tu, hata zinafanana. Nikaomba wiki moja. Nikawa yule Mzungu.

Nilizivaa zako ili nijaribu kwa haki. Nikafungua kazi ya mwisho, ile ya Murungu waliporudi mara ya pili, uliyoiacha mbichi. Nilikuwa nimeshaisikiliza kwa zangu tamu nikaiona safi, haina hata mbu. Nikabonyeza. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, ikanyamaza kuvuta pumzi, na kwenye ule ukimya nikasikia mluzi.

Nilidhani ni waya. Nikachomoa, nikachomeka. Nikafikiri ni feni ya kompyuta, nikakumbuka huwa tunaizima. Ubeti wa pili, ukimya, mluzi tena, mwembamba, na chini yake kitu kama maji yanayochemka mbali. Ndipo nikakumbuka ulikuwa unasimama wapi. Wewe ndiye ulikuwa jirani na maiki, ukiwahesabia kwa mkono. Ilikuwa pumzi yako.

Sikuishia hapo, nisamehe. Nilifungua mafaili yote mabichi, nikirudi nyuma kazi kwa kazi. Upo kote. Kwenye kazi za karibuni unakoroma kama mtu aliyepanda mlima na gunia, ukirudi nyuma unapungua, unapungua, mpaka kwenye kazi moja ambapo ni uzi tu wa sauti, mtu asiyekujua asingejua ni nini. Ndiyo kazi ya kwanza baada ya ule uzi mwekundu. Kumbe ulijisikia kabla ya wote. Ulikaa kwenye kiti hicho, ukajisikiliza moyo unavyochoka, ukajikata kwa mkono wako ukimya mmoja baada ya mwingine, halafu ukanipa mimi wimbo msafi nikuite bwana mkubwa.

Nimekukasirikia, kaka. Nikwambie nini tena? Nafahamu ulichoogopa. Chumba chetu hakina dirisha, kimezibwa magodoro kila upande, na watu wakisikia fundi ana kifua wanafikiri kile kifua kinachoambukiza. Hakuna kwaya ambayo ingeingia. Ulilinda mkate wa watu wawili, mmoja ni mimi. Lakini ningekula viazi, Zakaria. Makere kuna viazi. Ungeniachia hizo hedifoni siku moja tu, kwa bahati mbaya, ningekukokota kwa daktari kwa kola ya shati na ungenitukana njia nzima.

Wiki ikaisha sijachagua. Nikichukua zako, nitakusikia kila nikifungua kazi ya zamani. Nikimpa Eliasi, naye ana nakala ya kazi ile mbichi ya Murungu, niliyompa mwenyewe afanyie mazoezi. Atazivaa siku moja akiwa peke yake, atamsikia kaka yake anakufa. Na wifi nimwambie nini? Swali lake lilikuwa na jibu sasa. Nilizunguka nalo siku kadhaa, nikaunguza hata maharage.

Mwishoni nikamwita. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na kitenge chake cha msiba. Nikamketisha. Kwenye kiti chako, ndiyo, yeye nilimruhusu. Nikamwambia kuna kitu nimekisikia, ambacho siku ile aliponiuliza nilikuwa sijakisikia, na kwamba akitaka tukiache tutakiacha. Akanyoosha mkono. Nikamvika.

Nilimwangalia usoni. Kwaya ilipoimba hakubadilika. Ukimya ulipofika akafumba macho. Nikangoja alie, nilikuwa na leso tayari mkononi. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua, akazipakata kama mtoto, akasema, "Ndivyo alivyokuwa akilala."

Sikumwelewa. Akasema usiku kitandani ulikuwa hivyo hivyo, zaidi ya mwaka, ukawa unalala kwa mito mitatu umekaa nusu. Alipokuambia mwende hospitali ulimwapisha asiseme kwa mtu. Akanyamaza, kwa sababu wewe ni mume wake na ulimwapisha kwa Biblia. Lakini alikuwa na tumaini moja: kwamba mimi, mwenye masikio ya kulipwa, nitasikia mchana kile anachokisikia yeye usiku, na kwa kuwa mimi sikuapishwa, nitapiga kelele. Alikuwa akingoja. Kila nilipokuja kwenu kula alikuwa akiniangalia usoni. Mimi nikawa namsifia mboga.

Alinirudishia hedifoni mkononi. Baadaye akasema, "Ihangane, mdogo wangu." Ananiambia mimi nivumilie, yeye mjane.

Basi nimechagua. Zile tamu zimekwenda Murungu. Nilipanda basi nikampelekea Eliasi mwenyewe, nikamweleza yote tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake, kisha faili lile bichi nikalifuta kwake, kwa ruhusa yake. Alilia kwa niaba yetu wote. Zako zimebaki hapa. Nafanya kazi nazo siku za wiki, maana naona sina haki tena ya kusikiliza kwa utamu. Nyimbo za Murungu nimezimaliza. Mluzi wako nimeukata kwenye wimbo, ukimya mmoja baada ya mwingine kama ulivyonifundisha. Kazi mbichi nimeitunza.

Sitakuahidi makubwa. Nakuahidi jenereta litabebwa na watu wawili, na kwamba mgao wa wifi utafika kabla ya wangu. Na kuna hili. Jumapili sirekodi mtu. Wifi anakuja akitoka kanisani, anajua mwenyewe faili liko wapi, nilimwonyesha. Akishazivaa hedifoni zako, mimi natoka nje nafunga mlango, nawaachia chumba.

Pumzika, kaka yangu.

Wako,
Anjelina