Kitambaa Chako Nimekirudisha Sandukuni

Mama,

Ushuru amejinyonyoa kifua chote, kimebaki ngozi tupu kama kuku wa Krismasi. Naanza na habari zake kwa sababu najua ungemuulizia yeye kabla yangu. Mimi sijambo. Uongo huo. Sili, silali, na nyumba yetu hapa Busia ina baridi hata jua likiwaka.

Wiki iliyopita walikuja watu wa wanyamapori, walewale waliokukabidhi kasuku huyu mwaka juzi, alipotolewa mpakani ndani ya gunia la makaa, mbawa zimekatwa, wenzake wawili wamekufa kando yake. Walimtazama kifua wakatikisa vichwa. Wamesema watarudi mwisho wa mwezi, na wakikuta bado anajinyonyoa na hataki mtu, watamchukua. Mama, nikimpoteza na yeye, humu ndani nitabaki na nani anayekujua?

Nakumbuka ulivyompata. Mimi nilikuwa namwita, nampigia miluzi, naye anajibana kwenye kona akitetemeka. Ukanifukuza. "Mgeni hakodolewi macho kabla hajala, Nabwire." Ukawa unakaa mkekani umempa mgongo, unachambua dagaa wako, mukene wa Majanji, kabla ya kwenda sokoni, karanga moja na ganda lake umeiweka sakafuni nyuma yako. Kila asubuhi. Miezi mitano! Nilikuambia ndege huyu ni hasara tupu, ukacheka. Halafu siku moja akapanda begani kwako, na tangu hapo hakuna aliyepita mlangoni bila kutozwa karanga, ndipo ukamwita Ushuru. Mimi alinikubali baadaye, tena kwa ajili ya nywele. Ukinisuka, yeye alikuwa anakuja nyuma yako kufumua. Ulimkemea, na bado ukawa unamwachia msuko mmoja wa kuchezea.

Kisha tukakuzika Buhehe. Siku ya tatu shangazi akatunyoa sote, kama ilivyo kwetu, na mimi nikainamisha kichwa bila kufikiria. Nilirudi Busia na kipara. Ushuru aliponiona alipiga ukelele ambao sijausikia tangu siku zile za gunia. Nikamnyooshea mkono, akaning'ata mpaka damu. Aki Mama, nililia, na si kwa sababu ya kidole. Wewe umeondoka, na Nabwire wake naye ameondoka, akaingia mtu asiyemjua. Nani atamweleza ndege kwamba kwetu mtu hunyolewa kwa sababu amefiwa?

Sasa nikuungamie. Wale watu walipoondoka, niliingiwa na hofu. Nikafungua sanduku lako, nikatoa kitambaa cha kijani ulichokuwa unajifunga ukienda sokoni. Bado kinanuka samaki. Nikakifunga kichwani kama wewe, fundo upande wa kushoto, nikakaa mkekani nimempa mgongo. Hazikupita dakika mbili, akaja mbio, kucha zinagonga saruji, akapanda begani kwangu. Akasema, "Umefika?" Ndivyo alivyokuwa akikupokea kila ukirudi. Akainama, akanitazama usoni kwa jicho moja, kisha kwa jicho jingine. Alijua, Mama. Akashuka polepole, akarudi kwenye kona yake, akaanza kung'oa manyoya, moja baada ya jingine. Nami nimekaa tu na kitambaa chako kichwani, kama mwizi.

Nilimfanya akupoteze mara ya pili. Wewe hukuwahi kumdanganya hata kwa karanga mbovu. Sijui kama hilo linasameheka, na wa kumuuliza ni wewe.

Shangazi amepiga simu. Anasema nimwache ndege aende zake, mimi nitafute mume. Nilikata simu. Utanisuta kwa hilo, najua, lakini ningemjibu ningesema mabaya zaidi.

Kitambaa nimekirudisha sandukuni. Siku ya nne leo nakaa mkekani kichwa wazi, nywele zimechipua kidogo tu, zinachoma kiganja. Karanga ya jana nimeikuta pale pale nilipoiweka. Ya juzi pia. Nimechoka, Mama. Asubuhi nyingine sioni hata maana ya kutandika mkeka.

Hata barua hii naiandika nimempa mgongo. Karanga iko nyuma yangu, kwenye saruji.

Sasa hivi ganda limevunjika.

Huenda ni panya. Tangu ufe panya wamejaa humu. Nataka kugeuka mpaka shingo inauma, lakini nasikia sauti yako na mambo yako ya wageni.

Pumzika, Mama. Mwisho wa mwezi wakija watanikuta hapa hapa, kichwa wazi, na wakimchukua, watamchukua kwa mtu asiyemdanganya. Hilo nakuahidi. Na sitageuka mpaka aje mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Nabwire