Kopo la Ujana la Babu Salehe

Muheza, Jumanne

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza.

Mdogo wako Babu Salehe hajambo, amenunua ujana dukani Tanga. Umo ndani ya kopo la vidonge vya vitamini na madini, na muuza dawa kamwapia kwamba mifupa itakaza na mvi zitakoma. Alhamisi anapeleka posa kwa binti wa watu, kwa hiyo ana haraka. Machungwa ya mti wake mwenyewe hayataki tena, eti ni ya watoto. Dagaa anampa paka, mboga ya mchunga anampa mbuzi. Sijapata kuona paka na mbuzi wenye siha kama hawa.

Jana alasiri alijisahau akafungua kopo barazani, wenzake wakiwa kwenye kahawa. Unamjua, kula mbele za watu bila kukaribisha hawezi. "Karibuni," akasema, akitegemea watasema asante. Wazee saba wakanyoosha mikono, kila mmoja akajimiminia kiganja tele, na mmoja akaomba na vya mkewe. Kopo likamrudia tupu.

Nikamfariji kwamba wewe umemzidi miaka tisa na bado unatwanga mwenyewe. Akauliza huwa unakula nini. Nikamwambia. Akainuka kwenda kumnyang'anya paka dagaa.

Nakuombea afya, nawe usizeeke mpaka nirudi.

Mumeo,
Hamisi