Chembe Hakukosa Siku ya Mizani

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi na watoto. Natumaini mu wazima, na kwamba lile goti lako limetulia tangu ulipoanza kulifunga bandeji. Mimi mwilini sijambo.

Naomba barua hii usiisomee ndani. Kama umeshaifungua mezani, ikunje, utoke nayo hadi karakana, ukae kwenye lile friji bovu unalolifanya kiti. Mama akiuliza imetoka wapi, mwambie imetoka kwangu na kwamba nakuja Jumamosi. Hapo utakuwa hujamdanganya.

Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua. Ungenikatiza, na mimi nikikatizwa hunyamaza, kisha nakata simu nikiwa sijasema nililotaka kusema. Kwa hiyo naandika.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, na sikulaumu, maana kila nikianza kueleza watu wanapiga miayo. Safari hii nivumilie, kwa sababu bila hiyo kazi hutaelewa nimejuaje ninayotaka kukwambia.

Unakumbuka mimi na Chembe tulivyokuwa tukipelekwa kupimwa. Watoto wote waliozaliwa hospitali za serikali mwaka wetu waliandikishwa kwenye utafiti, ili wafuatwe maisha yao yote ijulikane nani anaugua nini na kwa nini. Mama alikubali tukiwa bado tumeviringishwa shuka moja. Kila baada ya miaka miwili tuliitwa: uzito, urefu, damu kidogo, kupuliza pumzi kwenye bomba, na maswali mengi. Nyumbani tuliiita siku ya mizani. Chembe aliipenda kuliko sikukuu. Alikuwa akijaza kokoto mfukoni ili aonekane mzito kama mimi, na yule muuguzi, Sista, alikuwa akimkung'uta suruali huku akijifanya amekasirika. Na jina la Chembe ulimpa wewe, Kaka. Mama anasema ulifunua ile shuka ukamwona ubavuni kwangu, mdogo kama kitu kilichosahauliwa, ukasema hiki si kitoto, hii ni chembe. Ulikuwa na miaka saba, ukakataa mtu mwingine ambebe.

Nilipomaliza chuo nikaajiriwa na watu wa utafiti ule ule. Sipimi mtu. Nakaa chumba cha ndani ambacho hakina dirisha, simu tunaacha nje kwenye sanduku, na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Kazi yangu ni kuunganisha. Kuna sajili ya waliozaliwa, sajili ya waliolazwa hospitali, sajili ya waliokufa. Majina yote yanaondolewa kabla hayajatufikia, kila mtu anabaki namba. Mimi naunganisha namba ya aliyepimwa na namba ya aliyelazwa na namba ya aliyefariki, kisha tunaangalia maelfu ya watu kwa pamoja. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo hubaki na mapafu dhaifu hata wakiwa watu wazima, na kwa ajili hiyo siku hizi kliniki zinawachunguza mapema. Ni kazi nzuri, Kaka. Nataka ujue hivyo kabla sijaendelea, maana baadaye utanisikia kama mtu anayeilaani.

Siku tunayoajiriwa tunaapa jambo moja kubwa: usimtafute mtu unayemjua. Ukimwona kwa bahati mbaya, funga, toka, kamwambie mkuu. Nilikuwa sijawahi kupata shida na kiapo hicho. Ukikaa na namba muda mrefu, unasahau kwamba zinatembea na kula.

Mwezi uliopita Daktari, ndiye mkuu wetu, mama mmoja makini sana asiyependa mchezo, alinipa kazi ya mapacha. Alitaka kujua kwa nini pacha mmoja huishi na mwingine hufa wakati wamezaliwa tumbo moja. Nikafungua orodha, nikaanza kushuka. Nikafika kwenye jozi moja, msichana na mvulana, tarehe yetu ya kuzaliwa. Msichana kilo tatu kasoro kidogo, mvulana hajafika hata kilo mbili. Msichana alilazwa akiwa na miaka tisa, mguu umevunjika. Ni mguu wangu, Kaka, ule niliouvunja kwa kuruka ukuta uliponifukuza na mjusi. Mvulana alilazwa kwa nimonia mara tatu kabla ya kuanza shule.

Nilijisoma mwenyewe kwanza, kama mtu anayejiangalia kwenye kioo cha duka. Kisha macho yakateremka kwake. Mahali pa mwisho, ambapo kwangu palikuwa patupu, kwake palikuwa na tarehe ya mwaka juzi na sababu: kifua kikuu.

Kaka, Chembe amefariki. Amefariki hapa hapa katika mji ninaoishi, hospitali kuu, wodi ninayoipita kila asubuhi nikienda kazini. Pole sana. Nilifikiria namna nyingine ya kukuandikia hayo, sikuipata.

Najua sote tulijitengenezea hadithi. Tangu msiba wa Baba, Chembe alipokuja amelewa na wewe ukamzuia mlangoni mbele ya watu waliokuja kutupa pole, ukasema humjui mtu huyo, tumekuwa tukiambizana kwamba kavuka mpaka, kaoa, yuko melini. Mimi nilichagua meli. Mama yeye hakuchagua chochote.

Lakini si kifo peke yake kilichonikalisha pale kitini. Mtu aliyepotea, rekodi zake huwa na mapengo. Za Chembe hazikuwa na pengo. Miaka yote hiyo ambayo sisi hatukumtia machoni, kila mwaka wa mizani alikuja akapimwa. Uzito ukishuka. Pumzi ikipungua. Hakukosa.

Nilifanya nilichoapa kufanya. Nilifunga, nikaenda kwa Daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kiti, kisha akaniambia kwamba hawezi kunithibitishia wala kunikanushia, na kwamba kuanzia siku hiyo nisiguse tena orodha ile. Nilimwambia ni ndugu yangu, ni pacha wangu. Akasema anajua, na anaumia, lakini watu wanatuletea damu yao na siri zao kwa sababu wanaamini hatutafunua namba kwa ajili ya ndugu, bosi wala polisi. Tukimfunua mmoja kwa sababu nzuri, alisema, kesho tutamfunua mwingine kwa sababu mbaya, na hapo hakuna mama atakayetuletea mtoto. Nilimwamini, nikatoka ofisini kwake, nikashuka ngazi moja kwa moja kwenda kuvunja kiapo.

Sista bado yupo. Chumba cha mizani ni kile kile nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, ukutani ule ubao wa urefu, benchi limepakwa rangi upya. Yeye mwenyewe sasa ana miwani mizito na anakaribia kustaafu. Aliponiona nimesimama mlangoni siku isiyokuwa yangu, alivua glavu, akafunga mlango. Akasema, "Umejua."

Nikamuuliza, "Wewe umejua tangu lini?"

Akasema tangu walipoletewa taarifa wasimwite tena. Na Kaka, baada ya taarifa hiyo mwanamke yule alinipima mimi. Alinishika mkono akatafuta mshipa, akaniuliza nalala vizuri, nakula vizuri, akanipa pamba niibane. Nilimpandishia sauti. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Hakujitetea. Alisema alikuwa nalo mdomoni muda wote ule, na kwamba nilipoondoka alifunga chumba, wagonjwa wakasubiri.

Halafu akanisimulia. Chembe alikuwa akija siku inayofuata baada ya yangu, daima. Alikuwa anauliza nimepangiwa lini, ili aje baada yangu tusikutane. Akishakaa tu kwenye benchi anauliza, "Mwenzangu kaja?" Sista anamjibu kaja. "Mzima?" Mzima. Basi, anavua shati. Hakuwahi kuuliza zaidi. Mwaka mmoja Sista alimwambia nimenenepa, na alicheka akatembea chumba kizima kama amepewa zawadi. Sista aliapa kama mimi nilivyoapa. Alisema hayo mawili tu, kaja na mzima, ndiyo aliyojiruhusu. Na Chembe naye alimwapisha asiniambie. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi ambalo kesho yake yeye anakalia, na sikujua.

Nilimuuliza pombe je. Akasema aliacha miaka mingi iliyopita, alikuwa anabeba mizigo sokoni, analala chumba kimoja na wabebaji wenzake. Kifua kilianzia humo. Mara ya mwisho alikuja amekonda hata mizani ilisita. Sista hakumpima zaidi, alimkalisha kwenye kiti cha magurudumu akamsukuma mwenyewe hadi wodini. Dawa alizipata, ila kifua kilikuwa kimeshaliwa.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa uwe umekaa.

Siku ile, kabla hajakubali kupelekwa wodini, Chembe aliomba jambo moja. Alitaka kusikia sauti ya Mama. Sista alimwambia ana namba yangu, anipigie mimi kwanza, akakataa, akasema huyo asisumbuliwe, yuko kazini. Akamtajia namba ya nyumbani kwa kichwa. Sista akapiga. Kwa hayo peke yake wangeweza kumfukuza kazi, lakini alipiga.

Aliponisimulia hilo, Kaka, hakuwa anamshtaki mtu. Aliniuliza tu, kwa upole, kama tulihama. Maana, alisema, alipokea mwanaume. Sista akamwambia, nina mgonjwa hapa, jina lake Chembe, anamwomba mama yake. Nyuma ya mwanaume huyo Sista akasikia watoto wanapiga kelele. Kisha akasema, "Hapa ni kwa fundi friji. Hakuna Chembe hapa." Akakata.

Nilimwambia Sista ndiyo, tulihama. Sijui kwa nini nilikulinda. Ulimi ulitangulia.

Na unajua yeye Chembe alifanyaje? Sista alipomweleza alichojibiwa, alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akafuta mdomo, akasema, "Nimekosea namba, Sista. Kichwa kimechoka." Kwa hiyo na yeye alikulinda. Tumekulinda wote wawili kwa mtu yule yule, ndani ya chumba kile kile, kila mmoja kwa uongo wake.

Sikuandikii ili nikutukane. Nimejaribu kukuwazia umetoka karakana, mikono ina grisi, simu inalia, unasikia jina hilo baada ya miaka yote. Labda ulidhani amelewa tena. Labda ulisema nitapiga baadaye, ukaogopa. Labda umekuwa ukilala nalo tangu siku hiyo, na goti ndilo unalolalamikia kwa sababu hilo lina jina. Sijui. Utaniambia mwenyewe, au hutaniambia. Lakini Mama alikuwa ndani, Kaka. Alikuwa chumba cha pili.

Amezikwa makaburi ya manispaa, upande wa bondeni, kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Mlinzi alinionyesha. Nimesafisha majani, nimeweka mawe pembeni. Udongo wa pale mbaya, mvua ikinyesha unatitia, itabidi pajengewe.

Kuhusu kazi, imekwisha. Nilirudi kwa Daktari nikamwambia nilikokwenda baada ya kutoka ofisini kwake. Sikumtaja Sista kwa jina, ila hana sababu ya kutojua. Akasema angependa ningemdanganya. Nimesaini barua ya kuacha, nimerudisha funguo. Aliniuliza kama nataka na mimi niondolewe kwenye utafiti, nisiitwe tena kupimwa. Nikamwambia hapana, niacheni, nitakuja. Mtu wa kumlinganisha nami hayupo tena, lakini nitakuja.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Habari za kifo utamwambia wewe, kabla sijafika. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye unayekaa naye. Mwite wifi awe karibu. Habari za simu nakuachia: ukimwambia, mimi sitaongeza neno, usipomwambia, sitamwambia mimi. Hilo nimeliwaza sana na sitalibadilisha. Utakaa nalo mwenyewe mezani kwake kila siku. Lakini kifo hakina hiari. Nitakapofungua lango, kama Mama atatoka kunipokea kwa furaha, nitajua hujamwambia, na nitamwambia pale pale uani nikiwa nimeshika begi.

Nisalimie wifi. Watoto waambie shangazi safari hii anakuja mikono mitupu, wanisamehe. Mama usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako wewe
uliyetubeba wawili