Vitanda vya Mtoto Kwenye Kompyuta ya Mama

Alhamisi jioni, Ujiji

Na bado matangazo yalikuwa yanakuja! Nilitafuta mara moja tu, "mimba ya wiki saba", na tangu siku hiyo kompyuta ya nyumbani ni matangazo ya vitanda vya watoto tu. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo mama mkwe anayoitumia kutazama mawaidha.

Sikutaka ajue mapema. Mwaka jana mimi na mume wangu tulimwambia, akafurahi mno, kisha mimba ikaharibika. Naogopa kumliza tena.

Basi leo asubuhi nimekaa na kompyuta saa nzima. Nimeweka kiendelezi, kile kiprogramu cha kuzuia matangazo. Kingine nimekikataa, kilitaka ruhusa ya kusoma kila ninachoandika, kama mlinzi anayeomba kulala chumbani! Nimefuta historia, nikazuia vidakuzi, vile vifaili vinavyonifuata kila tovuti. Nikafungua ukurasa wa mawaidha: hakuna hata nepi moja. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mchana mama mkwe akapakua chakula. Wengine wote migebuka, mimi wali na maharage.

"Mama, mbona mimi sina samaki?"

Akanivuta jikoni. "Wiki ya pili sasa unampa paka mgebuka wako," akaninong'oneza. "Kula, mwanangu. Sijamwambia mtu, hata mumeo asijue kwamba najua."

Mimi na viendelezi vyangu! Kumbe wiki mbili zote yeye ndiye alikuwa ananitunzia siri.