Pikipiki Niliyoiita ya Wizi

Elwak, Mandera

Dada yangu mpenzi Wakesho,

Hujambo wewe, na wanao hawajambo? Goti la Mama limepoa, au baridi ya huko Wundanyi bado inalitesa? Mimi mwili ni mzima. Uso tu ndio sina wa kuuonyesha watu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningefika katikati nikakata na kusingizia mtandao. Tena yule jirani yetu dereva wa lori alikuwepo sokoni siku hiyo, na akifika huko atasimulia. Afadhali unisikie mimi kwanza.

Unajua kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima, na visima vya huku vimetawanyika mbali. Kila nikiitwa hukodi bodaboda, na ujira mwingi huishia njiani. Basi rafiki yangu Hussein, muuza vipuri aliyenipokea nilipofika mji huu, akanipigia simu. "Walaal, ndugu yangu, kuna bikibiki inauzwa nyuma ya soko la mbuzi. Ni ya Mwalimu Abdi. Ameendesha kidogo tu, halafu ikakaa. Kimbia kabla haijachukuliwa."

Nikakimbia. Nilimkuta kijana wa rika langu ameketi kwenye mkeka nje ya lango lao, amevaa miwani ya jua, pikipiki iko kando yake chini ya turubai. Dada, ilikuwa kama mpya! Tairi zilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya dukani. Nikaipiga kiki, ikaitika mara ya kwanza. Nikauliza bei. Aliyoitaja haikufika hata nusu ya bei ya dukani.

Badala ya kushukuru, nikaanza kushuku. Kitu kizuri hivi, rahisi hivi? Tena yule kijana hakunitazama usoni. Mimi nimesimama huku, yeye anaongea na lango. Nikamwambia atoe simu tubadilishe umiliki pale pale.

"Hayo ya simu atafanya dada yangu," akasema. "Anakuja sasa hivi."

"Wewe si mwalimu? Hujui kusoma?"

Akanyamaza. Mimi nikakisoma kimya kile kuwa ni hatia. Nikapaza sauti: "Niangalie usoni ukiongea na mimi! Hii ni ya wizi! Mmeivusha mpakani, sasa mnataka nikafungwe mimi!" Watu wakaacha mbuzi wao wakaja. Nilipoona nimepata wa kunitazama, nikazidi. Nikanyoosha mkono, nikamvua miwani.

Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakunifuata.

Abdi alinyoosha kiganja kuomba miwani yake, akakinyoosha upande ambao sikuwepo. Dada yake, Habiba, akatoka ndani, akaona, akaniambia taratibu, "Haoni. Macho yalianza kufifia mwaka jana. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa, kwa sababu Elwak nzima inajua, na Hussein hakudhani kuna asiyejua. Nikaiweka miwani kiganjani mwake nikaondoka bila hata kusema samahani. Ulimi wangu, huo unaoujua wewe, ulikuwa umekauka.

Baada ya hapo nikawa nazunguka njia ya nyuma nisipite sokoni. Mama anayeniuzia maziwa ya ngamia akanipimia bila salamu, nikajua habari zimemfikia. Mwishowe Hussein akaja kwangu amekunja uso. "Umemvunjia mtu heshima mbele ya watu. Kwetu hilo lina fidia. Nunua mbuzi, twende."

Tukaenda. Abdi alimsikia mbuzi akilia langoni, akatabasamu kidogo. "Mrudisheni. Mbuzi tutamla leo, kesho watu bado wataniita mwizi. Wewe rudi pale uliposemea, useme tena. Watu wakiwepo."

Dada, ningenunua kundi zima la mbuzi kuliko kufanya hilo. Nilisimama katikati ya soko, Hussein akinitafsiria kwa Kisomali, nikasema kwamba Mwalimu Abdi ni mtu mwaminifu, na aliyekosa ni mimi. Nilisema nikitazama chini. Mzee mmoja akaegemea fimbo yake akasema, "Hatusikii." Nikarudia yote tangu mwanzo.

Pikipiki nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Tuliporudi langoni kwake, Abdi akasema, "Bei ni ile ile. Hussein aliniambia anakuja yule fundi wa visima, ndiyo maana niliipunguza. Bikibiki ya kwenda kwenye maji, siwezi kuiuza ghali. Lakini kwanza nipeleke shuleni kwangu."

Ndiyo kusema, Dada, ile bei niliyoiona ya wizi ilikuwa zawadi yangu.

Nikampakia. Njia alinionyesha yeye, mkono wake begani kwangu: "Hapa mchanga, punguza. Sasa ongeza." Tulipoingia uwanjani wanafunzi wakamiminika kutoka madarasani, "Mwalimu! Mwalimu!", wakimshika mikono na kanzu. Mwalimu mkuu akaja, akauliza mimi ni nani. Nikainamisha kichwa, maana jibu nililostahili nililijua.

"Huyu?" akasema Abdi. "Huyu ni mgeni wangu."

Sasa kila nikisimama kisimani watu wanaisifu pikipiki na kuniuliza nimeipataje rahisi hivyo. Uso unaniwaka. Mimi huwajibu tu kwamba aliyeniuzia ni mtu mwema, nikashika spana zangu.

Nisalimie Mama, na haya umsomee akiwa ameshakula, asije akasusa chakula. Msalimie shemeji na boma lake la ng'ombe, na Mjomba fundi viatu, na shangazi yetu wa kanisani, yeye aniombee. Ukinijibu, nisute usinihurumie.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea vizuri kuliko alivyojionyesha,

Mwakio