Subana ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu ambazo ningepaswa kukuletea zamani. U hali gani, na shemeji? Mimi mapafu yamechoka. Muuguzi huniketisha dirishani, nasinzia kutwa, na kila nikisinzia naiona karakana ya baba ikielea katika vumbi la mbao.

Nataka kusema juu ya viko tulivyochonga humo. Unakumbuka nilivyoshikilia kwamba mrija sharti ufungwe kwa hesi, ukazwe kama skrubu? Hesi zangu zote zimelegea. Ukikaza, mrija unapita mahali pake, mdomo unatazama pembeni kama mtu aliyenuna. Njia ya baba, ulimi wa mrija kusukumwa ndani ya tundu la bakuli, hukaa vizuri. Ila ukiuchomoa kiko kikiwa cha moto, ulimi unakatika. Kilichodumu ni chako: mrija uliochongoka, bakuli lililofungwa pete. Huchomoka hata tumbaku ikiwaka.

Ndiyo, chako. Uliikata subana ya marehemu mama, ile aliyovaa kidoleni akishona, ukapata pete. Nikakufukuza karakanani, nikakuambia kiko nimekitupa jalalani. Sikukitupa. Nimekivuta kwa siri hadi uzee huu, na kila jioni kidole changu kiligusa vile vishimo alivyosukumia sindano.

Njoo, kabla sijaondoka.

Kaka yako

28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hapa tu wazima, magoti tu ndiyo yanagoma. Mume wangu nilimsomea barua, akacheka hadi akamwaga chai: "Mzee mzima, kumbe mwizi wa kiko!" Mimi sikucheka. Muda wote huu nimeamini subana ya mama iliishia jalalani kwa sababu ya mikono yangu.

Baba alisemaje juu ya kiko cha moto? Kiache kipoe. Basi niache nipoe.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yapate nafuu.

Baba alisema kweli, lakini muda wa kungoja upoe sina. Na wewe ndiwe uliyetengeneza kiko kisichongojwa. Nimekichomoa. Bakuli na pete yake nampa dereva wa basi akuletee; mrija nimebaki nao chini ya mto. Muuguzi kanikataza tumbaku, hakunikataza mrija. Nauweka mdomoni, nafumba macho, na moshi unakuja wenyewe, una harufu ya nguo alizokuwa akishona mama.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kifurushi kimefika asubuhi hii. Bakuli lilikuwa na joto. Mume wangu anasema ni jua la dirisha la basi, nimemwambia anyamaze.

Dereva anarudi huko mchana, na kiti kimoja kimebaki. Kwa hiyo barua hii sitaituma, nitaibeba mwenyewe, pamoja na bakuli. Ukisikia mlango, usijisumbue kuinuka. Nyoosha mkono tu, unipe mrija.

Mdogo wako